Jinsi Wanandoa Wachanga Wanavyoweza Kuhamisha Furaha Zao kutoka Majira ya Joto hadi Mapukutiko

Wanandoa walioanza maisha yao ya pamoja katika miezi ya joto hawajui ni furaha zipi walizopewa bure mpaka zianze kuwaponyoka. Jua linapochelewa kuzama, mtu hutoka kazini akiwa bado na mchana mrefu mbele yake, na hana haja ya kupanga lolote ili atembee na mwenzake kando ya maji, wakae roshani mpaka usiku, au waache dirisha wazi na kuzungumza kitandani huku upepo ukiingia. Kisha, tangu mwishoni mwa Agosti, mambo hayo huanza kukatika moja baada ya jingine bila mtu yeyote kuamua yakatike. Hakuna aliyekosea wala aliyenuna. Jua limetua mapema tu, na wawili hao wanajikuta wamekaa chumba kimoja kila jioni, kila mmoja na simu yake, wakijiuliza ule uchangamfu wa Juni umekwenda wapi.

Mwongozo huu unahusu namna ya kuzuia jambo hilo. Mimi na mke wangu tumevuka kipindi hiki mara kadhaa sasa, na mara ya kwanza tulikivuka vibaya. Ninaloliamini tangu hapo ni kwamba furaha za kila siku hazihami zenyewe pamoja na majira. Inabidi zihamishwe kwa makusudi, kama mkulima anavyohamisha mche kutoka kitaluni, pamoja na udongo wake na kabla haujanyauka.

Nitatumia neno mapukutiko kwa ajili ya majira ambayo majani hugeuka rangi na kuanguka. Wapo wanaoyaita vuli, lakini wengi wetu tukisikia vuli tunawaza mvua, na hapa sizungumzii mvua. Tarehe nitakazotaja ni za nusu ya kaskazini ya dunia. Wanaoishi kusini, mbali na ikweta, wazisogeze miezi sita, kwa kuwa kwao majani hupukutika kuanzia Machi hadi Mei.

Anzeni kwa kuzitaja furaha zenyewe

Tafuteni jioni moja kabla Septemba haijafika katikati, kila mmoja achukue karatasi yake, na aandike bila kuchungulia ya mwenzake mambo matano au sita ambayo ameyafurahia zaidi tangu joto lilipoanza. Msiandike safari kubwa wala sherehe, kwa sababu hizo hazihitaji kuhamishwa. Zimepita na zimekuwa kumbukumbu. Andikeni ya kila siku. Halafu badilishaneni karatasi na msome kimya kabla ya kusema lolote.

Nasisitiza kila mmoja aandike peke yake kwa sababu ya jambo lililotutokea sisi. Niliandika kwa uhakika kabisa kwamba tulichofurahia ni kuogelea siku za Jumamosi. Mke wangu hakuandika kuogelea hata kidogo. Aliandika, kwa maandishi madogo pembeni mwa karatasi, kwamba alipenda ile nusu saa baada ya kuogelea, tulipokuwa tukikaa kwenye ngazi yeye akikausha nywele na mimi nikimshikia taulo, hakuna anayetazama saa wala kuulizia ratiba ya kesho. Nilisoma mstari ule mara mbili. Miezi mitatu nilikuwa nikihangaika kumtafutia sehemu nzuri zaidi za kuogelea, kumbe alichokuwa akikifuata kilikuwa kwenye ngazi.

Hapo ndipo penye kazi halisi ya zoezi hili. Mkishaona orodha mbili, chukueni kila furaha na kuiuliza kiini chake ni kipi. Je, ni maji, au ni kukaa bila haraka baada ya maji? Je, ni matembezi, au ni kwamba mkitembea mnatazama mbele na hivyo mambo mazito husemeka kwa urahisi kuliko mkikaa mnatazamana? Je, ni roshani, au ni giza la roshani ambalo halina taa ya kuwamulika usoni? Kinachohamishika ni kiini hicho. Kuogelea kunaweza kukoma Oktoba, lakini nusu saa ya kukausha nywele haina sababu ya kukoma. Inahitaji tu kiti, taulo, na makubaliano kwamba wakati huo ni wenu. Sisi tuliihamishia Jumamosi asubuhi, mbele ya dirisha linaloelekea mashariki, na hadi leo iko palepale.

Baadhi ya mambo katika orodha yatagoma kuhama. Yaacheni. Ukilazimisha kila kitu cha kiangazi kiishi ndani ya nyumba, utapata maigizo ya kiangazi, na mwenzako atajua.

Fuateni nuru, si saa ya ukutani

Ili mwelewe kwa nini kipindi hiki huwashtua watu, tazameni hesabu ya mchana. Kwenye latitudo ya digrii 50 kaskazini, mchana wa mwishoni mwa Juni huchukua saa 16 na dakika kadhaa, na ule wa mwishoni mwa Disemba huchukua saa 8 hivi. Upungufu huo haugawanyiki sawasawa katika miezi sita. Mwanzoni mwa Julai mchana hupungua kidogo kidogo, kiasi kwamba hakuna anayeona. Kasi huongezeka hadi kufikia kilele karibu na tarehe 22 au 23 Septemba, wakati usiku na mchana hulingana, na siku hizo mchana hupungua karibu dakika nne kila siku, yaani karibu nusu saa kwa wiki. Kwa mtu aliyelelewa karibu na ikweta, ambako jua huzama karibu wakati uleule mwaka mzima, jambo hili linatatiza hata baada ya miaka mingi: mwili unangoja jioni, na jioni haipo tena mahali pake.

Kwa hiyo, wenzi wanaotembea kila siku saa moja na nusu jioni, wakishikilia saa hiyo kwa uaminifu, watajikuta gizani ndani ya wiki tatu, watasema tumechoka, na matembezi yatakufa. Tiba yake ni kuyafunga matembezi kwenye machweo badala ya kuyafunga kwenye saa. Kubalianeni kwamba mnatoka dakika arobaini kabla ya jua kuzama, popote wakati huo utakapoangukia, na kila Jumapili angalieni jua litazama saa ngapi wiki inayokuja ili mjipange. Kwa wiki chache mtakula baada ya kutembea badala ya kabla. Kisha itafika siku ambayo machweo yanaingia ndani ya saa za kazi, na siku hiyo msijifanye hamkuiona ikija. Hamisheni matembezi yaende asubuhi, hata yakiwa ya dakika kumi na tano tu, kabla kila mmoja hajashika njia yake.

Asubuhi ina faida ambayo watu wengi hawaihesabu. Nuru ya asubuhi ndiyo inayosaidia zaidi kuiweka sawa saa ya ndani ya mwili, ile inayoamua tunasinzia lini na kuamka lini, na hata anga lenye mawingu hutoa nuru nyingi mara kadhaa kuliko taa za chumbani. Wawili wanaotoka pamoja asubuhi hulala vizuri zaidi usiku, na wenzi waliolala vizuri hawagombani kwa vitu vidogo. Nimeliona hili nyumbani kwangu mara nyingi kiasi cha kutolihitaji tena kuthibitishwa.

Katika nchi zinazobadili saa, ipo zawadi moja ambayo wengi huipoteza usingizini. Nchi za Umoja wa Ulaya hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na sehemu kubwa ya Marekani hufanya hivyo Jumapili ya kwanza ya Novemba. Jioni ya siku hiyo giza huingia saa nzima mapema kuliko jana, na watu hulalamika. Lakini asubuhi yake kuna saa nzima iliyoongezeka. Mwili wenu utaamka kwa saa ya zamani, msiurudishe kulala. Amkeni, chemsheni chai, na muitumie saa hiyo kwa jambo moja mlilokuwa mkisema hamna muda nalo. Mkiweza, endeleeni kuamka hivyo wiki nzima na mlale mapema kidogo, kwani mkishaiacha saa hiyo ikayeyuka ni vigumu kuipata tena mpaka mwaka ujao.

Chagueni mti mmoja, na muutembelee

Wengi huyapokea mapukutiko kwa kwenda mahali penye misitu mara moja, kupiga picha, na kurudi. Si vibaya, ila furaha ya kila siku haijengwi hivyo. Ninachowashauri ni kuchagua mti mmoja ulio karibu na nyumba, katika njia mnayopita kila siku, na kuutazama kwa makini mara moja kwa wiki kuanzia mwanzoni mwa Septemba hadi jani la mwisho lianguke. Uwe mti wa kawaida. Upeni jina kama mnapenda.

Mtakayoyaona yana sababu zake, na ni raha kuzijua mkiwa mmesimama chini yake. Mchana unapofupika, mti huacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa nuru ya jua, na iliyobaki huvunjwavunjwa. Rangi ya njano na ya chungwa, zitokanazo na karotenoidi, zilikuwamo ndani ya jani tangu lilipochipua, ila zilifunikwa na kijani. Nyekundu ni jambo jingine: miti mingi huitengeneza upya katika majira haya haya, kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani, na hukolea zaidi mwaka ambao mchana una jua na usiku una baridi isiyofikia kugandisha. Ndiyo sababu mwaka mmoja mti wenu utawaka na mwaka mwingine utapauka. Mnaweza kuwekeana dau kila Septemba, na mshindi aamue nani ataosha vyombo.

Siku moja katikati ya Oktoba mke wangu aliinamisha tawi la chini la mti wetu, akagusa jani kwa kidole kimoja tu, nalo likaanguka mkononi mwake bila kuvutwa. Akaniita: "Mume wangu, njoo uone hapa." Pale kikonyo kilipokuwa kimeshika palibaki kovu dogo, kavu, lililokwisha kufungwa, kwa sababu mti hujenga tabaka la seli kwenye shina la kikonyo ili kulitenga jani kabla halijaanguka. Juu kidogo ya kovu hilo, kikiwa kidogo kuliko punje ya mchele, palikuwa na chipukizi lililofungwa kwa magamba ya kahawia, chipukizi la mwaka ujao, ambalo mti ulikwisha kulitengeneza tangu kiangazi. Tulikuwa tumepita chini ya tawi lile miezi yote hiyo bila kuliona. Angalieni na ninyi. Kovu na chipukizi huonekana kwa macho matupu, na hakuna haja ya kuvunja kitu.

Kuna mengine ya kutazama ambayo hayahitaji safari wala pesa. Asubuhi baada ya usiku usio na mawingu, ardhi hupoa sana na umande huwa mzito, na tando za buibui zilizokuwapo siku zote huonekana ghafla, kila uzi ukiwa umebeba matone. Tokeni kabla jua halijapanda, kwa kuwa zikikauka hazionekani tena. Mbayuwayu hujipanga kwenye nyaya za umeme mwezi Septemba wakijiandaa kuondoka Ulaya kuelekea Afrika, na korongo weupe wengi huwa wamekwisha tangulia tangu Agosti. Sijui namna ya kueleza furaha ya kuwatazama ndege wale na mtu unayempenda, mkijua wanakokwenda, bila kutamani kuwatumia salamu.

Wanaopenda maji wasikate tamaa mapema. Maji hupoa polepole kuliko hewa, na bahari nyingi za kaskazini hufikia joto lake la juu kabisa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, hivyo mwogeleaji wa Septemba mara nyingi hukuta maji yenye joto kuliko yale aliyoyakuta Juni. Baridi itakuwa nje, mnapotoka. Wekeni nguo kavu karibu na maji, na mmoja atangulie kutoka ili amfunike mwenzake.

Halafu kuna mwezi mpevu. Kwa kawaida mwezi huchomoza takriban dakika 50 baadaye kila siku kuliko siku iliyotangulia. Mwezi mpevu ulio karibu zaidi na ile siku ya Septemba ya usiku na mchana kulingana ni tofauti: katika nchi zilizo mbali na ikweta, tofauti hiyo hupungua hadi nusu saa au pungufu. Maana yake kwa wawili wanaoishi pamoja ni kwamba, kwa jioni tatu au nne mfululizo, mwezi mkubwa wenye rangi ya chungwa utachomoza karibu na wakati jua linapozama, saa ambayo mko macho na mko nyumbani. Angalieni kalenda, muweke miadi ya siku zote hizo, na mtafute mahali penye upeo wazi upande wa mashariki. Miadi ya siku moja huvurugwa na wingu moja.

Siku ya kutoa masweta

Kubadilisha nguo za majira ni kazi ambayo wengi huifanya kila mtu kivyake, kwa haraka, asubuhi moja ya baridi ambapo kila kitu kinatafutwa kwa pamoja. Ifanyeni kwa siku maalumu, wawili, mlango wa kabati ukiwa wazi na vitu vyote vikiwa kitandani. Ni kazi ya mchana mmoja, na ina raha yake.

Kanuni ya kwanza ni kuosha kabla ya kuhifadhi, wala si baada ya kutoa. Nondo wa nguo mwenyewe hali chochote. Wanaotoboa sufu ni viwavi wake, nao hupenda hasa nguo yenye jasho au madoa ya chakula. Nguo za kiangazi zioshwe na zikaushwe kabisa kabla ya kuingia sandukuni. Sweta la sufu lioshwe kwa maji ya vuguvugu, lisikamuliwe kwa kusokotwa, na likaushwe likiwa limelazwa juu ya taulo, kwani likitundikwa hurefuka mabegani. Mkikuta tundu dogo, lizibeni siku hiyo hiyo. Sweta langu la kijivu lina kiraka cha rangi ya samawati kwenye kiwiko, kilichoshonwa na mke wangu wakati ambapo uzi wa kijivu ulikuwa umekwisha, na sasa hata mkinipa sweta jipya sitabadilishana.

Jambo la pili ni mifuko. Kabla ya kukunja jaketi la mwaka jana, pekueni mifuko yote, kila mmoja apekue ya mwenzake, na mtoe kilichomo. Kutakuwa na tiketi, mbegu iliyookotwa, karatasi yenye mwandiko wa mmoja wenu. Wekeni vitu hivyo mezani mpaka kazi iishe, kisha mvizungumze. Nimejifunza kufanya jambo la ziada: ninapohifadhi jaketi lake mwishoni mwa majira ya baridi, huacha kijibarua kifupi mfukoni, nikijua kwamba atakikuta baada ya miezi sita, mimi mwenyewe nikiwa nimekwisha sahau nilichoandika.

Nyumba na kitanda

Ndani ya nyumba maagizo ni machache. Kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza hita yoyote inayotumia gesi, kuni au mafuta, mwite fundi aikague pamoja na bomba la kutolea moshi, na wekeni kengele ya kugundua kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi na inayoua watu usingizini. Hili lifanyeni mapema, na msilijadili.

Baada ya hapo jihadharini na unyevu. Watu wawili wanaolala chumba kimoja, dirisha likiwa limefungwa, hutoa mvuke wa kutosha kuvilowesha vioo mpaka asubuhi, na unyevu ukikaa ukutani kuvu hufuata. Fungueni madirisha yawe wazi kabisa kwa dakika tano hadi kumi kila asubuhi, kisha mfunge, badala ya kuacha upenyo mdogo kutwa nzima unaopoza kuta. Yeyote anayetangulia kuamka na avifute vioo.

Kitanda kinastahili maneno zaidi. Miili haihisi baridi kwa namna moja, na ndoa nyingi changa hupoteza usiku mwingi zikivutana blanketi moja kwa kudhani kwamba kulala chini ya mablanketi mawili ni dalili ya kutengana. Si kweli. Chumba chenye ubaridi kiasi, wa nyuzi 16 hadi 19 za Selsiasi, huwafaa walalaji wengi, na ndani ya chumba hicho kila mmoja awe na blanketi lake la uzito anaoutaka, kisha juu yake mtandike moja kubwa la pamoja. Mke wangu huingia kitandani na nyayo za baridi kama jiwe la mtoni, huzibandika kwenye mashavu ya miguu yangu bila kuomba ruhusa, na hukaa hivyo kwa dakika mbili akinisimulia jambo ambalo alisahau kulisema mchana. Dakika mbili hizo hazikuwapo kiangazi. Zimekuja na baridi, na ni miongoni mwa vitu vinavyonifanya niutazamie mwezi wa Oktoba.

Kuhusu roshani, msiingize viti ndani mapema. Vaeni makoti, jifunikeni blanketi moja magotini, mchukue chai kwenye chupa yake, na mkae hata robo saa. Giza lilelile mlilolipenda Julai lipo, tena sasa linafika mapema.

Mmoja wenu akianza kuzama

Wapo watu ambao upungufu wa nuru huwashusha moyo kwa kiasi kinachozidi uvivu wa kawaida. Hulala kupita kiasi, hukosa hamu ya mambo wanayoyapenda, hujitenga, na hali hiyo hurudi kila mwaka wakati uleule. Hii ni hali inayojulikana kitabibu na ina matibabu, mojawapo likiwa ni kukaa kila asubuhi kwa nusu saa hivi karibu na taa maalumu yenye mwanga wa luksi 10,000, kwa ushauri wa daktari. Mwenzi asiichukulie kama dalili ya kuchokwa. Uliza kwa upole, kwa mfano, "Mke wangu, naona tangu siku zifupike huna raha; mwaka jana pia ilikuwa hivi, au nakosea?" Kisha usikilize bila kuharakisha dawa, na mwende pamoja kwa daktari ikiwa jibu linawatia wasiwasi. Kila furaha niliyoitaja hapa hutanguliwa na jambo hili.

Fukieni kitu ardhini

Jambo la mwisho la kufanya kabla udongo haujaganda ni kupanda maua ya majira ya kuchipua. Tulipu na narsisi hupandwa mwezi wa Oktoba au Novemba zikiwa viazi vidogo vinavyofanana na vitunguu, na tulipu hasa huhitaji wiki 12 hadi 16 za baridi chini ya ardhi ili ziweze kuchanua vizuri. Wasio na bustani watumie chungu kirefu chenye matundu chini, ambacho kinaweza kukaa roshani. Chimbeni shimo lenye kina cha mara mbili au tatu ya kimo cha kiazi chenyewe, kielekezeni juu upande uliochongoka, rudishieni udongo, mwagieni maji mara moja, na msivifukue kuangalia.

Sisi hupanda Jumapili ileile ambayo saa hurudishwa nyuma, katika saa ile ya ziada. Yeye huchimba kwa kijiko cha zamani cha jikoni, mimi hupitisha viazi kimoja kimoja, na kila mwaka tunabishana kama kile kilichotengana vipande viwili kipandwe kama kimoja au kama viwili. Mwaka jana alishinda yeye, tukavipanda kama viwili. Tuliandika tarehe kwenye kijiti cha mbao kwa kalamu isiyofutika, tukakichomeka pembeni ya chungu, tukaingia ndani kunawa mikono kwenye beseni moja, udongo ukiwa bado chini ya kucha zetu.